Mazishi ya Bi Esha Siku ya Tufani

Mtwara, wakati wa kipupwe

Kwa mdogo wangu Halima binti Athumani, huko Tunduru.

Assalaam aleikum. Kabla ya lolote nakuuliza hali yako, na hali ya mama na goti lake, na hali ya binti yenu Mwajuma. Ile homa ya vipindi imemwachia, au bado inamrudia? Mahindi je, mmekwisha kuyaingiza ghalani, au mwaka huu pia nyani wamevuna kabla yenu? Mimi mwili wangu mzima, isipokuwa mkono wa kushoto haujanyooka vizuri, na sababu yake utaisoma humu humu.

Umekwisha kuona kwamba barua hii haikuandikwa na karani. Zile za nyuma zote zilikuwa za herufi za kizungu, nawe ukasomewa na mwalimu wa shule huku nusu ya kijiji imekaa inasikiliza. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi za chuoni alizotufundisha marehemu baba, ili uisome mwenyewe pasiwe na mtu katikati. Mwandiko wangu mbaya unaujua, na fimbo nilizokula kwa ajili yake unazijua pia, basi nivumilie. Kama uko barazani, nyanyuka uingie ndani kwa mama, ukae karibu naye. Fanya hivyo kwanza, ndipo uendelee.

Halima, mumeo Mbaraka amefariki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Alikufa siku ya tufani, wakati wa alasiri, na kesho yake tulimzika hapa. Nilimwosha mimi, kwa mkono mmoja, nikisaidiwa. Ile barua iliyokwambia kwamba sote tu wazima ilikuwa ya uongo, na mwongo ni mimi. Karani aliandika alichoambiwa.

Sasa nitakueleza tangu mwanzo, maana nakujua, utataka kujua kila kitu, na ukikosa wa kukueleza utajitungia mambo mabaya zaidi. Ingawa hili sijui kama lina baya zaidi yake.

Unakumbuka Mbaraka hakutaka kuja huku. Alisema shamba la tumbaku linamtosha. Mimi ndiye niliyesema pwani wanajenga bandari na reli, na mwanamume asiyeiona bahari amezaliwa bure. Nilisema kwa mzaha, lakini mimi ndiye mwenye mbumba. Dada zangu na waume zao wako mkononi mwangu, na mwanamume aliyeoa kwetu, nikimwambia twende, atasema nini? Alifunga mkeka wake akaja.

Kazi yetu ilikuwa kukoroga zege. Mvua za kwanza zilipochelewa, joto la hapa lilianza kuua watu, na sisemi kwa kutia chumvi. Jua la kwetu linachoma, kisha linazama, mtu anapumua. Hapa fukuto linakaa nawe mpaka kitandani, shuka linalowa jasho na halikauki. Vyuma vya reli ukivishika mchana vinakubandua ngozi. Bwana mmoja wa Songea alianguka na mfuko wa saruji mgongoni. Tulimmwagia maji, akaamka akisema maneno yasiyoeleweka, akimwita mama yake, na hakufika hospitali. Tangu siku ile Mbaraka akawa kama mkunga wangu. Kila nikiinua kichwa namwona na kata ya maji, ametia chumvi kidogo, ananisimamia mpaka niimalize. Nilikuwa nikimtukana, nakunywa.

Tulipanga chumba kwa Bi Esha, mama mmoja mjane wa Kimakonde, nyumba yake kando ya njia ya kwenda Mikindani. Alikuwa na mwanawe mmoja, Hamisi, fundi seremala. Wewe unajua Wayao na Wamakonde ni watani, basi tangu siku ya kwanza Bi Esha alituita watumwa wake, akatuambia tumetoroka na sasa tumerudi wenyewe. Mbaraka akawa anamfichia kifuniko cha chungu, hakitoi mpaka apewe sahani ya kwanza. Walipendana sana wale. Mimi utani wangu ni wa ulimi mkali, unaujua. Wa Mbaraka ulikuwa wa kuchekesha tu.

Bi Esha ndiye aliyetufundisha kuishi na hali ya hewa ya huku. Radi zilipoanza alifunika kioo kwa kanga, akatukataza kugusa jembe wala kusimama chini ya mkorosho, na hakuwa anatania. Wiki ile ile wanawake wawili wa Madimba walijikinga mvua chini ya mkorosho, wakapigwa wote wawili, na mbuzi waliyekuwa wamemfunga pale. Mbaraka alisema, kwetu tunaogopa simba, hapa mtu anaogopa kivuli cha mti. Nilicheka. Nilidhani nikishayajua jua na radi, nimeyajua yote.

Mvua zilipokuwa karibu kwisha, Bi Esha alishikwa na homa, siku tatu, na alfajiri ya siku ya nne akafa. Asubuhi ile hewa ilikuwa nzito mno. Bahari ilikuwa imevimba na upepo hakuna. Sisi hatukujali, tulikuwa na msiba. Na kwa kuwa ni watani, kaburi lilikuwa letu kulichimba na jeneza letu kulibeba. Tukaenda na majembe, tukachimba, na tulipofika kiunoni upepo wa kusini ukaanza. Tulipomaliza, ulikuwa unatusukuma njiani kama mtu anayetufukuza.

Kuanzia hapo sikumbuki tena saa. Mvua ilikuja ya kulala, haianguki chini, inapita. Makuti ya nyumba yakaondoka upande mmoja, kisha wa pili. Wanawake wakamwondoa maiti chumbani wakamweka penye pembe iliyobaki, wakamzunguka kwa miili yao asilowe. Alikuwa amekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda. Minazi nilisikia inakatika, naapa kwa Mungu, mmoja baada ya mwingine. Wazee wa pale walisema hawajaona upepo wa namna ile maishani mwao, na ndiyo sababu hakuna aliyejua kitakachofuata. Tungekuwa watu waliozoea tufani, huenda nisingekuwa nakuandikia haya.

Wakati wa alasiri upepo ukakoma. Haukupungua, ulikoma. Jua likatoka. Ndege wa baharini walishuka uani wakakaa tu, wamechoka, hata hawakuruka tulipopita. Watu wakatoka wakitazamana, wakimshukuru Mungu. Hamisi alisimama mlangoni akasema tungoje kwanza, tuone. Jirani mmoja akasema naye hivyo hivyo. Na mama wa watu amelala ndani tangu alfajiri, joto limerudi ghafla, sanda imelowa, na mtu akifa kumzika mapema ni haki yake. Hilo lilikuwa kweli. Lakini sitaki kujificha nyuma ya ukweli huo. Nilichotaka mimi ni kuonekana mtani wa kweli mbele ya watu wale. Nikapaza sauti:

"Basi kaeni mpike mihogo. Mtani wangu nitambeba mwenyewe kama mzigo wa kuni, na nikifika nitamwambia wanawe waliogopa matone."

Watu walicheka, mara ya kwanza tangu alfajiri. Hata wanawake walicheka. Na unajua, neno la mtani msibani halikasirikiwi wala halikataliwi. Hamisi angesema nini tena? Aliinama akashika jeneza.

Mbaraka alinivuta kando. Hakunitania. Alisema polepole, watu wasisikie, "Shemeji, tungoje. Bahari bado inavuma."

Nami nikamjibu, "Umeoa kwetu ili unipangie?"

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, Halima. Sikumwambia mengine baadaye, kwa kuwa baadaye hapakuwa na nafasi. Yeye akaenda akashika jeneza mbele, upande wa kulia.

Tulikuwa wanaume kumi na watatu. Njia imejaa minazi iliyolala, tukawa tunapokezana jeneza juu ya magogo. Makaburi yako chini ya kilima, na upande wa kaskazini kuna mabanda mapya ya kazi, ya bati. Bati lile lilikuwa limekwisha kulegea, tuliliona, kipande kimoja kilikuwa kinaning'inia. Hakuna aliyelifikiria. Mtu wa nyumba ya makuti anajua paa likiruka limeruka, halimdhuru mtu.

Kaburi lilikuwa na maji, tukayachota kwa makata. Hamisi akashuka, na kwa kuwa hakuwa na ndugu mwingine wa kiume pale, Mbaraka akashuka naye, maana Bi Esha alikuwa akimwita mwanangu. Sisi wanne tukatanda shuka juu ya kaburi kumsitiri mama, kama ada ilivyo kwa mwanamke. Nilishika pembe moja. Walimpokea vizuri, wakamlaza kwa ubavu, wakaanza kupanga mbao.

Ndipo upepo ukarudi, sasa kutoka kaskazini, na ulikuja mzima mzima. Wale watatu wakaachia pembe zao wakajitupa chini. Mimi sikuachia. Nilijiambia siwezi kumfunua mwanamke wa watu, na hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba mimi ndiye niliyewaleta kwa maneno ya kishujaa, nikaona haya kuwa wa kukimbia. Shuka likanizinga mkono, likanibeba, nikaangukia gogo, mkono ukavunjika. Nilimsikia Mbaraka mle kaburini akiniita, "Achia shuka." Sikuweza tena hata kama ningetaka.

Mle kaburini palikuwa salama. Nataka ulijue hilo. Hamisi alikaa mle mle na hakupatwa na kitu. Mumeo alikuwa mahali salama kuliko sote, akapanda akatoka. Alikuja kwa kutambaa, akakata shuka kwa kisu chake, akaniburuta mpaka ukingoni. Aliniambia neno moja, "Ingia," akanisukuma. Nikaingia. Yeye akiwa bado amepiga magoti juu, bati likampata hapa kati ya bega na shingo. Akaniangukia.

Tulikaa mle mpaka karibu na magharibi, Bi Esha chini ya mbao, mimi na Hamisi juu yake, na Mbaraka juu yangu. Alipumua kwa muda, sijui mrefu kiasi gani. Nilimshika kwa mkono mzima. Shahada yake sikuisikia kwa ajili ya upepo, ila Hamisi anasema aliisikia, tena mara mbili. Nimeamua kumwamini Hamisi.

Kesho yake tulimzika mumeo pembeni ya Bi Esha, kaburi la tatu kutoka kwenye ukingo, mkorosho mdogo upo miguuni. Sanda ilikuwa ya Hamisi, aliyokuwa amejiwekea. Waliomsalia walikuwa wachache, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na lake. Hamisi hajanilaumu hata siku moja. Naye nilipojaribu kumtania, siku arobaini zilipopita, alinijibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni.

Habari za nchi huku zilikuwa za kutisha na sitazirefusha. Mpunga wa mabonde ya Ruvuma ulikuwa umeiva, ukalala chini ya maji mpaka ukaota ukiwa bado kwenye mashuke. Kijiji cha Kilambo hakikufikika wiki nyingi. Visima viliingiwa na chumvi, watu wakanywa hivyo hivyo, na kuhara kukachukua watoto. Njia ya bara ilikatika, malori hayakupita. Ndipo siku moja likaja lori la kwanza kutoka Masasi, na dereva ana salamu zako za mdomo, kwamba umesikia habari za tufani na unauliza, Mbaraka yu hai?

Nilienda kwa karani. Kulikuwa na msururu wa watu nyuma yangu, wote wanasikia. Karani akaniuliza niandike nini. Halima, nilifungua kinywa kusema, na niliona uso wako. Nikasema, andika sote wazima, Mbaraka anasalimu. Karani, ambaye alijua, maana alikuwa mmoja wa wale kumi na watatu, alichovya kalamu winoni. Kisha akaandika. Nilijiambia nitakuja kukueleza mwenyewe uso kwa uso, mkono ukipona. Mkono ulipona nikapata sababu nyingine. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi maradhi yangu yalikuwa woga.

Juzi dereva yule alirudi tena, akaniletea kifurushi chako. Kofia ya Mbaraka uliyoishona mwenyewe, uzi mweupe na wa zambarau, umesema imekuchukua miezi miwili. Na barua yako, aliyoiandika mwalimu wa shule, kwamba ulichinja kuku ukatoa sadaka ya shukrani kwa mumeo kuokoka. Kwamba umesukwa na kupakwa hina, na umekuwa ukicheza kwenye unyago wa wasichana tangu mavuno, na watu wanasema huchoki. Niliisikiliza mbele ya msururu ule ule. Karani alipofika kwenye unyago aliacha kusoma, akanirudishia karatasi.

Siku ile ile nilikwenda kwa mwalimu wa msikiti, nikamwambia yote, nikamuuliza habari ya eda yako. Nilitumaini atasema eda huanza siku mwanamke anapopata habari. Hakusema hivyo, na ndiyo sababu barua hii haiwezi kungoja hata lori jingine.

Nisalimie mama, na umwambie mwanawe hana uso wa kumwomba radhi kwa karatasi. Msalimie mjomba, na umwambie tangu leo mbumba nimemwachia yeye, awaangalie ninyi mpaka mtakapoamua vingine. Msalimie mama mkwe wako, aliyemzaa Mbaraka. Kwake nenda wewe mwenyewe, usimtume mtu, na umwambie mwanawe alikufa akimwokoa mtu asiyestahili. Msalimie mdogo wetu wa mwisho, na shangazi, na majirani wote wa pale kisimani. Mwajuma usimwambie mpaka akuulize. Kanzu ya baba yake na kisu chake nimempa dereva. Kofia sikumpa. Niliipeleka makaburini nikashindwa kuiacha, nikashindwa na kuirudisha kwako, ninayo hapa. Ukisema urudishiwe, nitaileta kwa mkono wangu, na utakaponipokea au kunifukuza nitakuwa radhi.

Sasa sikiliza alichosema mwalimu. Eda ya mwanamke aliyefiwa, ya kukaa bila pambo wala ngoma, ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, habari imemfika au haijamfika. Leo Mbaraka ana miezi mitatu kamili kaburini. Ile miezi uliyosukwa, uliyocheza, uliyomshonea, ilikuwa inahesabiwa, na wewe huna dhambi nayo hata kidogo. Dhambi yake ni yangu. Nimekunyima miezi mitatu ya kumlilia mumeo, na hakuna wa kukurudishia, hata mwalimu nilimuuliza. Umebakiwa na mwezi mmoja na siku kumi, na siku za barua hii kuwa njiani zitakatwa humo. Usipoteze hata moja. Ukimaliza mstari huu, mdogo wangu, vua hereni.

Ni mimi kaka yako,
Yusufu bin Athumani